Maiti Mwenye Saa Mkono wa Kulia

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nimepata ushahidi wa nne! Nauandika hapa kwa sababu katika nyumba hii hakuna wa kuuthamini.

Nianze mwanzo. Yupo mwigizaji mmoja wa runinga, Sylvance Andati, mzee wa mashavu manene na sauti ya kuombea chakula. Katika Sufuria Mbili aliitwa Kalisti, mume wa wake wawili wasiojuana. Mwishoni aliwatoroka wote, akapotelea steji ya basi. Sawa. Mwaka uliofuata, kituo kingine kabisa, Zahanati ya Chungwa: anazuka daktari asiyejulikana kwao wala chuo alichosomea. Sura ile ile. Kisha kituo cha tatu, Mjane wa Barabara ya Nane: mhubiri Zakaria, naye hana ukoo. Mwiba wa samaki unamkwama kooni, anakufa, anazikwa, wajane wanalia wiki nzima.

Wazito wa akili huona watu watatu. Mimi Bwire, fundi wa masanduku ya bati, naona mmoja. Kalisti aliwatoroka wake zake, akajifanya daktari, akajifanya mhubiri, na mambo yalipomwendea kombo akajifanya maiti. Vipindi vitatu, hadithi moja! Wenye vituo wanatuficha tu.

Ushahidi wa kwanza: saa. Wote watatu huivaa mkono wa kulia. Wa pili: kikohozi. Kila akitaka kudanganya hukohoa mara moja, kikavu, kisha hutazama juu. Wa tatu: mhubiri alilazwa jenezani na saa yake. Nani huzikwa na saa? Anayetaka kujua wakati wa kutoka. Na wa nne ni wa leo. Tangazo la majani ya chai. Babu mnene anawamiminia wajukuu, anacheka. Saa, mkono wa kulia! Bati halidanganyi, kama nisemavyo kila siku bandani. Ukiligonga litakuambia kama ni zito au jepesi.

Nikatuma kwenye kundi letu la WhatsApp la mtaa, Macho ya Runinga. Kisha Nthoki, jirani yetu muuza viatu vya mitumba Gikomba, akatuma sauti. Ati Kalisti na daktari ni mapacha, mhubiri ni baba yao, na babu wa chai ni tangazo tu. Vidole gumba vikamiminika. Mapacha! Mwanamke huyu Sufuria Mbili aliianzia katikati, tena kwenye runinga yangu, akiwa ameketi kwenye kiti changu.

Jioni binti yetu Jacklyne akatuambia kwamba watu wa mchumba wake Sydney watakuja kubisha hodi, kuleta posa, Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Nimefurahi. Sydney ni kijana mpole wa ofisi za reli, husalimia kwa mikono miwili. Baba yake ni marehemu, kwa hiyo ataongozwa na baba yake mdogo. Nikaomba picha ya huyo baba mdogo, nimjue mapema. Jacklyne akanipa simu.

Mashavu manene. Saa mkono wa kulia.

Mke wangu Triza akaniuliza mbona natokwa na jasho na mvua inanyesha.

Jumatano, 5 Novemba

Nimegonga kidole kwa nyundo mara mbili leo. Akili haipo kazini.

Jacklyne amenieleza taratibu, kama anamweleza mgonjwa, kwamba Mzee Andati huigiza tu, hiyo ndiyo kazi yake. Nikamwuliza ni tapeli gani aliyewahi kusema kazi yake ni utapeli. Uigizaji ndio maficho yenyewe! Unamwona mtu mchana kweupe na bado humwoni.

Akanishika mkono. "Daddy, tafadhali. Hii si kipindi. Hii ni maisha yangu."

Roho iliniuma, siwezi kuficha. Mtoto nina huyu mmoja. Lakini ndiyo sababu lazima nichunguze. Anataka kuingia katika ukoo wenye wake wawili waliotelekezwa steji na zahanati isiyo na leseni. Baba gani atanyamaza?

Triza amesema nikiharibu siku hiyo ataipeleka runinga kwa akina mama wa kanisa na haitarudi. Ni mwanamke wa kutimiza. Mwaka juzi alisema hivyo hivyo kuhusu redio.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimefunga banda mapema nikatembea hadi Ziwani anakoishi Andati. Nilibeba sanduku kichwani nionekane mchuuzi. Kosa! Likapata wateja. Mama mmoja alilichukua akamwonyeshe mumewe, nami sikuweza kumfuata maana ningeacha kulinda mlango.

Lakini niliyoyaona! Mzee alitoka mwenyewe kuanika nguo. Kwenye kamba: koti jeupe la daktari. Kando yake, joho la mhubiri. Na pale kizingitini, nawaapia wote mtakaosoma haya nikishakufa, sufuria mbili. Moja ina maharagwe, nyingine nimeshindwa kuona.

Jirani yake alikuwa nje anachambua sukuma. Nikamdodosa. Akasema waigizaji wa siku hizi huambiwa waje na nguo zao wenyewe. Jibu la haraka mno. Akasema pia kwamba tangu mzee alale kwenye lile jeneza la runinga, kazi zimemkauka, isipokuwa lile tangazo la chai. Hata mama yake mzazi huko nyumbani hataki kumpakulia kutoka chungu chake. Nimeliweka hilo akilini. Mtu akikosa kazi maana yake amejificha.

Triza ameuliza sanduku liko wapi. Nimesema limekwenda kwa mteja, na si uongo.

Jumapili, 9 Novemba

Tulipotoka kanisani tu, Nthoki akaanza. Ati jana alimwuzia Andati viatu vyeusi, jozi mbili, saizi moja. Ameuliza kundi zima: nani hununua jozi mbili za saizi moja? Pacha! Vidole gumba, makofi, mtu mmoja ametuma hata keki.

Nikajibu kwamba jozi moja ni ya maisha haya na nyingine ni ya maisha atakayotorokea. Nthoki akaja nyumbani kula chapati zangu na kunipa pole.

Sasa nimeamua. Huyu mtu asifike kwangu Jumamosi. Asipofika mzee wa kuongoza, hakuna posa, na Jacklyne atapata muda wa kufungua macho. Sitapigana na mtu. Nitamwita tu mahali pengine. Nimenunua laini mpya ya simu.

Jumatatu, 10 Novemba

Kazi imekwisha!

Nilimpigia Andati nikiwa bandani, kwa namba niliyoinakili kwenye simu ya Jacklyne, wenzangu wakiwa wamekwenda kula. Nikaifanya sauti nzito. Nikajiita Produsa Fidelis. Nikamwambia tunarudisha Sufuria Mbili, tunamtaka Kalisti mwenyewe, aje ajaribiwe Jumamosi tarehe kumi na tano, saa nne asubuhi, studio yetu mpya kule Ngong. Akauliza kwa sauti ya kutetemeka kama kweli ni yeye tuliyemfikiria, si mwingine. Akasema alikuwa ameanza kuamini amesahaulika.

Nikasikia kitu kifuani. Labda ni githeri ya mchana.

Nikamtegea swali. Kalisti yu hai au alikufa? Akacheka kidogo. "Produsa, sisi hufa siku watu wanapoacha kutuita."

Amekiri! Tena kwa mdomo wake. Nikamwambia bati halidanganyi, mzee, Jumamosi usikose. Nikakata simu kabla hajauliza bati limeingiaje.

Jumatano, 12 Novemba

Dada yangu Benta amefika kutoka Busia na kuku wawili. Ni mkubwa wangu, shangazi ya Jacklyne, na ndiye atakayesema kwa niaba yetu. Benta akiketi, kiti hushukuru akiinuka.

Jioni Sydney akampigia Jacklyne. Baba mdogo ameitwa kazi kubwa siku hiyo hiyo. Mzee amechanganyikiwa, hajui la kufanya, na hakuna mwingine katika ukoo wa kumwongoza Sydney. Jacklyne akauliza kama wanaweza kusogeza mbele. Benta akajibu kabla sijafungua mdomo kwamba watu wakishindwa kuja siku waliyoichagua wenyewe, mlango haufunguliwi tena. Yeye hakuacha mahindi shambani aje kuchezewa. Na Sydney anahamishiwa Voi mwezi ujao. Kwa hiyo ni Jumamosi hii, au ndiyo basi.

Jacklyne hakula. Nilimsikia jikoni akifungua mfereji ili tusimsikie analia. Nikainuka. Nilitaka kumwambia, haki ya Mungu, mdomo ulikuwa wazi. Ndipo Nthoki akaingia na nadharia mpya, kwamba babu wa chai ni pacha wa tatu. Nikarudi kuketi. Kuna mambo hayawezi kuachwa yapite.

Jumamosi, 15 Novemba

Wamekuja. Naye amekuja!

Saa nne kamili nilikuwa mlangoni nikitabasamu, nimejiandaa kuwapa pole wageni walioachwa na mzee wao. Nikaona mashavu. Andati mbele, Sydney nyuma, shangazi zake wawili na makreti ya soda. Andati na Sydney wamevaa viatu vyeusi vinavyofanana. Saizi moja, kumbe ni mtu na mwana wa kaka yake. Nthoki alikuwa jikoni akisaidia kukaanga. Nilimwona akiviangalia viatu, na kwa dakika chache nilikuwa mtu mwenye furaha.

Wakakaribishwa, wakaomba. Andati akasimama. Hakuwa na sauti ya runinga, alikuwa na sauti ya mtu. Akasema leo hii, saa hii, alitakiwa awe Ngong, kwa kazi aliyoingoja tangu kazi zikauke. Akasema amewaza juu yake siku nzima ya jana.

"Kazi huita tena. Lakini mtoto wa marehemu kaka yangu ataoa mara moja, na kaka aliniachia mimi."

Sebule nzima ikahema. Triza akafuta macho. Benta akatikisa kichwa kwa heshima. Jacklyne alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia, uso unang'aa, nami nikaona kwamba nimeshindwa. Tapeli amewanasa wote kwa hotuba moja! Nikainuka, ingawa baba wa binti hutakiwa kunyamaza siku kama hii.

Nikauliza: huyu mzee si yule aliyezikwa?

Nilitarajia zogo. Nilitarajia akohoe, atazame juu, ajikanyage, kila kitu kifichuke. Badala yake Benta aliweka kikombe chini. Akamtazama Andati kwa makini, kama mtu anayepima kuku. Akasema kweli, yeye mwenyewe alimwona akizikwa, na kijiji kizima kule kwetu kilimlilia, akina mama wengine hata hawakupika. Akamwuliza kama baada ya hapo alitakaswa.

Andati akainamisha kichwa. Akasema hapana, watu wa runinga walimpa soda tu.

Basi! Kwetu mtu aliyeliliwa akiwa hai haingii nyumba ya watu, sembuse kuposa, kabla hajachinjiwa kondoo. Kila mtu magharibi analijua hilo. Shangazi za Sydney nao wakaanza kusema ndiyo, ndiyo, tulimwambia, hakusikia. Triza akajaribu kuwakumbusha kwamba sisi ni watu wa kanisa. Benta akajibu kwamba hata kwenye Biblia kondoo yumo. Andati mwenyewe akasema, kwa upole, kwamba labda ndilo lililomkaukishia kazi, na asingependa kumletea mwanawe mkosi wa jeneza.

Wakaondoka bila kuonja kuku. Wapewe siku nyingine? Benta akasema Jumamosi ijayo, kwa kuwa hawakukosa kuja, ila siku hiyo isipotimia ndio mwisho, yeye anarudi Busia. Na kondoo atanunuliwa na aliyemwona maiti. Wote wakanigeukia.

Jacklyne aliweka sinia mezani polepole. "Umefurahi sasa, Daddy?"

Kisha akaingia chumbani akafunga mlango. Sikuwa nimefurahi. Nilikuwa nimesema kweli tupu na imeniumiza mimi mwenyewe, jambo ambalo bado nalitafakari.

Runinga iko kwa akina mama wa kanisa tangu alasiri.

Jumatano, 19 Novemba

Nimekwenda soko la Kiamaiko kutafuta kondoo. Dume, asiye na doa, Benta amesisitiza.

Nimempata mchuuzi mmoja, Abdiqadir, mtu makini wa ndevu nyekundu za hina. Akauliza kondoo ni wa harusi au wa arobaini. Nikamwambia ni wa mtu aliyekufa kwenye runinga. Akauliza yupi, mhubiri? Kumbe naye alitazama! Tukaketi kwenye ndoo. Akasema mimi nimekosea njia. Kwa maoni yake mhubiri alikufa kweli, na aliyemwua ni daktari wa Zahanati ya Chungwa, kwa sababu mwiba ule ungetolewa na daktari yeyote mwenye cheti. Daktari amwue mhubiri, na wote wawili ni mtu mmoja! Tulizungumza hadi adhana ya alasiri. Nilipoinuka, kondoo asiye na doa alikuwa ameshachukuliwa na mtu mwingine.

Nikapata mwenye doa dogo nyuma ya sikio. Nitalifunika na tope.

Nimemleta nyumbani kwa mkokoteni. Hakuna pa kumfunga, nikamweka ndani ya sanduku kubwa nililomtengenezea mteja, bila kifuniko. Akaruka. Akaingia kwa Nthoki akatafuna kiatu, cha kushoto, cha ngozi. Nthoki amesema nitakivaa. Katika kundi ameandika kwamba sasa hata kondoo wangu hawezi kutofautisha kitu na kingine, na watu wamecheka kwa herufi kubwa.

Jacklyne bado haongei nami. Huweka chakula mezani akaondoka. Leo alisahau akanimiminia chai, akakumbuka, akaondoka na sukari.

Jumamosi, 22 Novemba

Niandike polepole. Nisiruke kitu.

Kondoo alichinjwa uwanjani nyuma ya nyumba, asubuhi. Doa halikuonekana. Benta akaomba kwanza kwa jina la Yesu, ndefu, kisha akaendelea na yetu. Andati alivua shati, akapakwa majani ya tumboni mwa kondoo kifuani na mgongoni, akaitwa jina lake mara kwa mara na shangazi za Sydney, naye akaitikia kila mara, niko, niko. Akalia. Mzee mzima, mwenye mashavu, akilia hadharani kama mtu aliyetolewa shimoni. Nami nilifuta macho, lakini moshi ulikuwa mwingi.

Kabla ya kunawa akavua saa. Akaeleza kwamba ilikuwa ya kaka yake, baba ya Sydney, aliyekuwa wa mkono wa kushoto na hivyo akiivaa kulia. Tangu kaka azikwe, Andati huivaa vile vile, kwenye kila kazi, hata jenezani hakukubali kuivua. Akamfungia Sydney mkononi, akasema sasa yeye ni mtu mzima na aitunze. Wanawake wote waliangua kilio, na Nthoki alilia kuliko wote.

Nimeona alipoifunga. Mkono wa kulia.

Tukaingia ndani. Mazungumzo yakaenda vizuri, Benta akacheka mara mbili, wakaelewana mambo yote na chakula kikaja. Jacklyne akaketi karibu na shangazi zake wapya. Mara ya kwanza wiki hii akanitazama bila kugeuka. Ndipo Benta akasema baba wa binti naye aseme neno moja, maadamu safari hii hakuna aliyekufa.

Nikasimama. Nikasema karibuni, nyumba ni yenu, sisi ni watu wa kusema kweli. Nikaongeza, bila kufikiri, kama ninavyosema kila siku ya Mungu: bati halidanganyi.

Andati aliacha kutafuna.

Akaniangalia. Akaniangalia tena. Akaweka kipande cha nyama kwenye sahani. "Mkwe," akasema, "hayo maneno. Na hiyo sauti."

Benta akageuza shingo. Triza tayari alikuwa ananitazama kwa jicho la mtu anayejumlisha mambo. Na Jacklyne, mwanangu, alikuwa ameshika glasi ya soda njiani kuelekea mdomoni, hajui chochote, anatabasamu. Nilijua akisema tu, yamekwisha. Mwanangu hatanisamehe. Nisingelaumu mtu. Nilimtazama yule mzee, na nadhani nilimwomba kwa macho. Sijawahi kumwomba mtu namna ile.

Akamtazama Jacklyne. Akamtazama Sydney na saa yake.

Kisha akakohoa. Mara moja, kikavu. Akainua macho darini.

"Hapana," akasema. "Nimefananisha tu. Niongezeeni ugali."

Nikaketi. Nilitaka kumkumbatia. Nikamwongezea ugali kwa mkono wangu, na minofu yangu yote nikamhamishia sahani yake, mpaka Benta akaniuliza kama naumwa. Wakati wa kuaga Jacklyne akanikumbatia mlangoni, akaniambia nisirudie tena. Nikamwahidi. Machozi yalinitoka na sikuyaficha.

Jumatatu, 24 Novemba

Runinga imerudi. Triza amesema ni kwa majaribio.

Nimepumzika, nimekula, nimefikiri vizuri. Amekohoa!

Mbele ya mashahidi. Mara moja, kikavu, akatazama juu, kisha akasema haifahamu sauti yangu, ilhali anaifahamu. Yaani alidanganya. Yaani kikohozi ni cha kweli, si cha kuigiza. Ushahidi wa pili umethibitika nyumbani kwangu, kwenye kiti changu! Nimewaandikia Macho ya Runinga yote hayo, ila sehemu ya simu nimeiruka. Nimepata kidole gumba kimoja. Ni cha Abdiqadir, niliyemwingiza kundini wiki jana.

Nthoki amekubali kwamba mapacha hawapo. Sasa anasema labda Andati alikuwa tu mtu mwema anayefanya kazi yake. Sijawahi kusikia nadharia dhaifu kama hiyo, na kundi lote limeipigia makofi.

Kisha jioni hii Sydney amepita kusalimia. Mikono miwili, kama kawaida, saa ikining'inia mkono wa kulia. Nilimwangalia sana. Nilimwuliza kama hukohoa. Akasema baba mdogo ananisalimu na amenitumia neno: yule produsa akipiga tena, nimwambie kwamba Andati sasa amekwisha kutakaswa na yuko huru siku zote isipokuwa ya harusi. Sydney hakuelewa maana yake. Alidhani ni mzaha wa wazee.

Mimi nimeelewa. Produsa Fidelis nilimbuni mwenyewe, bandani, wakati wa chakula. Hayupo. Sasa iweje Andati amngoje mtu asiyekuwepo, tena anipe mimi ujumbe wake? Lazima kuna Fidelis wa kweli. Wako pamoja katika jambo hili, tangu Sufuria Mbili, na mimi nimelitaja jina lake bila kujua.

Harusi ni Aprili. Nina muda. Kesho nanunua laini nyingine ya simu.